Mkoba Uliorudi na Kuku

Beseni la Madame Konsolata lilikaa jikoni kwangu tangu tulipomaliza matanga ya mama. Ni beseni la plastiki, la bluu, na chini yake pameandikwa herufi K kwa rangi ya kucha, kama wanawake wa mji wetu wa Kamembe wanavyofanya ili vyombo vyao visipotelee misibani. Lilikuja limejaa mchele na kufunikwa kitambaa cheupe. Mchele tuliupika, watu wakala, na kitambaa nikakifua na kukipiga pasi. Beseni lenyewe ndilo lililonishinda. Kila asubuhi binti yangu aliniuliza tutatia nini ndani yake kabla ya kulirudisha, na kila asubuhi nilimjibu vibaya.

Alidhani ni uchungu wa kufiwa. Uchungu upo, sikatai, lakini kilichonijia kila nilipoliangalia lile beseni ni hasira, tena hasira ya zamani. Siku ya matanga shangazi zangu walikuwa nyuma ya nyumba wakichoma vinyoya vya kuku juu ya moto. Harufu ya manyoya yanayoungua ikaingia mpaka sebuleni, na papo hapo akaingia Konsolata, mjukuu wake akimbebea beseni. Siku hizi ni mzee anayetembea na fimbo, lakini nilimtambua kwa ule mtindo wake wa kuvuta mdomo upande mmoja kabla ya kusema neno. Yeye hakunitambua. Alikuja na wanawake wa kanisani kwake kama wanavyokwenda kwenye kila msiba wa mtaa. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Pole sana, mwanangu. Maman amepumuzika." Nikasema aksanti. Kisha nikatoka nje nikijifanya naenda kuangalia maji, kwa sababu yule mwanamke na ile harufu nilikuwa nimevikuta pamoja mara moja tu maishani, na sikuwahi kupona.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande huu mnaikumbuka ile miaka. Vita ya kwetu ilikuwa imekwisha, na ya ng'ambo ilikuwa inaanza, inanyamaza, inaanza tena. Tulikuwa tunalala tukisikia mizinga ya Kongo inavyogonga milimani, na asubuhi tunauliza kama mpaka umefunguliwa. Mimi na mama tulikuwa tumetoka Bukavu, upande wa Kongo. Babu zangu walikimbilia huko zamani, mama akazaliwa huko, nami nikazaliwa huko, halafu siku moja tukaambiwa nchi yetu imefunguka, turudi nyumbani. Nyumbani kwenyewe nilikuwa sijawahi kukuona. Papa alibaki nyuma auze vitu vya duka kisha atufuate. Vita ikamkuta huko, na hatukumwona tena.

Mama alipewa kipande cha shamba huko Gashonga, chenye migomba michache na mahali pa kupanda muhogo na maharage. Alikuwa mwanamke wa mjini, hajui jembe. Alijifunza kwa malengelenge. Mimi nilipelekwa shule, nikawekwa darasa la mwisho la msingi, nikachekwa kwa sababu ya Kinyarwanda changu kilichojaa Kiswahili. Lakini hesabu haikunicheka. Kwenye hesabu nilikuwa nawapita wote, na mwalimu akaniambia mbele ya darasa kwamba nikifanya mtihani wa mwisho wa mwaka nitakwenda sekondari. Tangu siku ile sikutaka kitu kingine chochote duniani. Nilitaka kufanya ule mtihani. Na mkuu wa shule alikuwa na sharti moja tu, ambalo halikujali una akili au huna: asiye na gauni la bluu na madaftari hapiti getini.

Hapo ndipo linapoingia ghala. Kulikuwa na ghala la mizigo Kamembe, si mbali na kituo cha mabasi. Bidhaa za kwenda Bukavu zilipitia pale, na mpaka ulipofungwa zililala pale, magunia ya chumvi na sukari yamepangwa mpaka darini, na wafanyakazi wakabaki wanapiga miayo. Katika kupiga miayo huko wakapata wazo la kusaidia watoto. Wakaweka karatoni kubwa ya maziwa ya unga mlangoni, na kila mfanyakazi aliyepita akatia kitu cha shule: daftari, kalamu, rula, kipande cha sabuni, hata kitambaa cha sare. Walimu wakaombwa watoe majina ya watoto wenye shida kuliko wengine, na mimi nikawa mmoja wao. Sitaki kusema uongo, lilikuwa wazo zuri. Lingebaki hivyo ningekuwa nawaombea dua mpaka leo.

Msimamizi wa jambo hilo alikuwa Madame Konsolata, karani wa pale, mwanamke wa marashi na viatu vyenye kisigino. Siku ya kwanza alituambia kwamba naye ametoka ng'ambo kama sisi, na kwamba mama yake alikuwa muuza samaki katika soko la Kadutu, kule kule Bukavu. Akamsemesha mama Kiswahili cha kule, kile kile cha nyumbani kwetu, mpaka mama akacheka kwa sauti. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tulipovuka mpaka. Mimi nikapewa mkoba mwekundu wa plastiki, mpya, wenye harufu kali ya dukani, na ndani yake kila kitu nilichohitaji na kitambaa cha bluu juu yake.

"Ile bitu ya ndani ni yenu," Konsolata alisema. "Lakini hii kartabu," akaugonga ule mkoba kwa kidole, "ni ya hapa. Kila mwisho ya trimestre munairudisha, tunaijaza tena. Tumeelewana, maman?"

"Tumeelewana," mama alijibu. "Usikuwe na wasiwasi. Itarudi muzuri."

Sasa nieleze jambo ambalo kwetu haelezwi mtu, na nalieleza kwa hasira maana sikupaswa kulieleza. Jirani akikuletea unga kwenye kikapu, kikapu hakirudi hivi hivi. Unatia viazi, unatia mboga, ukikosa kabisa unatia hata chumvi ya kufungwa kwenye jani. Hakuna anayekufundisha. Unakua ukitumwa na vyombo vya watu, vya kwenda na vya kurudi, na mkono wako unajua uzito wake. Kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu ni kumwambia kwamba umekata ujirani naye, usimwone tena mlangoni kwako. Iko hivyo Gashonga, iko hivyo Nyakarenzo, na iko hivyo Bukavu.

Basi muhula wa kwanza ulipokwisha, mama akaufuta ule mkoba kwa kitambaa chenye maji, akaukausha kivulini, akatia ndani maharage aliyoyachagua moja moja, na kichane cha ndizi ndogo tamu. Tukashuka kwa miguu mpaka Kamembe. Watoto wengine walikuwa kwenye foleni na mikoba yao. Konsolata alipoufungua wetu, akavuta mdomo upande. Akayapima yale maharage kwa mkono wake, akamwita bwana mmoja wa ofisini aje aone, wakaangaliana. Maharage yakaingia chini ya meza pamoja na ndizi. Mkoba ukarudishwa kwetu na madaftari machache tu, bila sabuni, na kalamu moja iliyokwisha kutumiwa.

Mimi mtoto wa mwenye duka niliona biashara. Wengine walipewa sabuni, sisi hapana. Wale walipima zawadi yetu mkononi, wakaangaliana, kisha wakatupa kidogo. Nini kingine ningefikiri? Njiani nikamwambia mama.

"Maman, maharage ilikuwa kidogo."

"Unazania?"

"Banaipima na mukono. Njo maana hatukupata sabuni."

Mama aliufungua mkoba, akayahesabu madaftari upya. Alikuwa mgeni wa nchi hii kama mimi, na alikuwa anaogopa kukosea. Mwisho akasema, "Basi trimestre ingine tutaongeza."

Tulikuwa na kuku mmoja, wa rangi ya majivu, mtagaji. Mama alimnunua akiwa kifaranga, na mayai yake ndiyo yaliyotupa chumvi na mafuta ya taa. Muhula wa pili ulipoisha na ule wa tatu, wenye mtihani, ukawa mlangoni, mama alimkamata yule kuku alfajiri, akamfunga miguu kwa kamba ya mgomba, akamtia ndani ya mkoba mwekundu, kichwa kikatokeza kwenye mfuniko. Nikauvaa mgongoni. Njia nzima kutoka Gashonga nilikuwa nasikia joto lake mgongoni na moyo wake unavyokimbia. Nilikuwa na furaha. Nilijiambia kwamba safari hii watatupa mpaka bikari na rula.

Kuku alipotoa kichwa mezani, ofisi nzima ilicheka. Mimi nikacheka pia, nikidhani wamefurahi. Konsolata hakucheka. Alisimama ili watu wote wamwone.

"Hawa njo bantu ya shida?" alisema. "Mama, uko na kuku ya kutoa, unakuja kusimama mu laini na bayatima?"

"Ni ya aksanti tu, maman," mama alisema taratibu. "Kartabu haiwezi kurudi vile."

"Hapa ni bureau, si kwa jirani. Muntu wa shida hana kitu ya kutoa. Ukiona anatoa, ujue alitudanganya. Ile mara ya kwanza niliona maharage, nikanyamaza. Leo ni kuku. Kesho utatuletea ngombe?"

Watu wakacheka tena. Konsolata akauchukua mkoba mwekundu, akamtoa kuku kwa kumvuta miguu, akampa mlinzi, kisha akaujaza mkoba mbele yangu kwa vitu kutoka kwenye karatoni: madaftari, kalamu, bikari, sabuni. Akampa msichana aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni. Sina ugomvi na yule msichana. Alikuwa peku kama mimi, na aliupokea kwa mikono miwili. Ninachowauliza hawa watu ni kimoja: kama kuku wetu alikuwa ushahidi wa uongo, mbona hawakumrudisha? Yule kuku tungempeleka sokoni angeleta madaftari ya muhula mzima, na baki ya sabuni. Walituambia hatuna shida, kisha wakachukua kitu pekee kilichotuzuia tusiwe na shida.

Tulipotoka mvua ikaanza, ile mvua ya huku kwetu Cyangugu isiyopiga hodi. Tukajibanza chini ya ukingo wa paa, kando ya ghala. Kutoka pale tulimwona mlinzi akimchinja kuku, akimwagia maji ya moto, akimnyonyoa, kisha akimpitisha juu ya moto wa makaa kumaliza vinyoya. Manyoya ya majivu yalichukuliwa na maji ya mvua yakapita mbele ya miguu yetu. Ile harufu ikatujia chini ya paa. Na mimi, naapa, nilikuwa bado nangoja. Nilifikiri kwamba ndiyo desturi ya watu wa ofisi: kwanza wanakula zawadi yako, wakishiba wanakuita ndani.

Mama aliponishika mkono nikajivuta. "Maman, tungojee! Banakula kwanza, kisha batatuita!"

Mama aliniangalia. Sijui niuiteje ule uso. Hakunipiga, hakunieleza. Alisema tu, "Twende," akanivuta mvuani, nami nikalia mpaka tulipouacha mji, si kwa sababu ya kuku wala kwa sababu ya kuaibishwa, bali kwa kuwa niliamini mama ametuharibia kwa kukosa subira. Tulipofika kwenye mteremko wa kwetu, nguo zimetuganda mwilini, akasema kama anayejisemea mwenyewe:

"Walau hakuna muntu atasema tuliirudisha mutupu."

Nilimchukia. Naliandika hili nikiwa nimemzika majuzi tu, na naliandika kama lilivyokuwa. Nilimchukia mama yangu kwa heshima yake kwa watu wale, na chuki ile haikuwa yangu kuibeba. Wao ndio walioitia mgongoni mwangu mahali pa ule mkoba.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda na daftari lililojaa, nikalishika limefungwa ili mkuu wa shule aone jalada tu. Aliona yote, akanitoa. Mama alikwenda kumwomba, akarudi amekataliwa. Wenzangu walifanya mtihani mimi nikiwa kwenye shamba la muhogo, upande wa pili wa barabara, na nilijua wameanza kwa sababu shule nzima ilinyamaza. Niling'oa mihogo ambayo haijakomaa, mingi, mpaka mama akaja akaninyang'anya jembe. Mwaka uliofuata aliuza vitenge viwili vya wax alivyotoka navyo Bukavu, vile alivyopewa na papa siku ya mahari, nikarudi darasa lile lile na watoto wadogo kuliko mimi. Nikafaulu. Watu wakisikia hadithi hii hupenda kuishia hapo, wakaniambia, si unaona, mwisho ulifaulu. Nawajibu kwamba sikufaulu kwa sababu yao, na vile vitenge havikurudi.

Siku hizi mimi mwenyewe nafanya kazi ofisini, hapa hapa Kamembe, na kila shule zinapokaribia kufunguliwa wenzangu wanaweka karatoni mlangoni. Natia ndani nilicho nacho. Waliposema mikoba irudishwe mwisho wa muhula nilipiga kelele mpaka mkubwa wetu akatoka kuuliza kuna nini. Mikoba hairudi. Mtoto akipewa amepewa.

Mama hakulizungumza tena jambo lile. Aliendelea kujaza vyombo vya watu mpaka mikono yake iliposhindwa kubeba, kisha akawa ananiagiza mimi, na nilikuwa natii kwa kunung'unika. Lakini swali moja halikuniacha. Kwa miaka nilijaribu kumtetea Konsolata kichwani. Nilijiambia labda alikulia kwa watu wasio na majirani. Labda hakuelewa kabisa yale maharage yalikuwa yanasema nini, wala yule kuku. Mtu akikosea kwa kutojua, hasira inapoa hata usipotaka. Nilitaka kujua kama alijua.

Jana nilichukua beseni, nikalifunika kile kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, nikalibeba kwa mikono miwili kama kitu kizito. Binti yangu alinizuia mlangoni.

"Maman, haujatia kitu."

"Najua."

"Utamurudishia mutupu? Atasema nini?"

"Njo naenda kusikia," nikamwambia.

Konsolata alikuwa barazani kwake, amekaa juani. Alifurahi kuniona, akaweka fimbo chini, akanyoosha mikono kupokea. Alikuwa amejiandaa kwa uzito, kwa hiyo beseni lilipomfikia mikono yake ilipanda juu ghafla. Akabaki amelishika hewani. Hakufunua kitambaa. Hakuhitaji. Mdomo wake ukavutika upande mmoja, na macho yake ya kizee yakajaa hofu.

"Mwanangu," alisema polepole, "nilikukosea nini?"

Kumbe alijua. Alijua jana, na alijua siku ile. Mtu anayeusikia utupu wa beseni kabla hata hajalifunua hakushindwa kumwelewa kuku aliyetokeza kichwa kwenye mkoba wa mtoto. Ile hasira niliyotembea nayo mvuani mpaka Gashonga ilinipanda yote kwa pamoja, na nilipofungua mdomo Kiswahili kilichotoka kilikuwa cha mama.

"Kartabu nyekundu," nikamwambia. "Na kuku ya rangi ya majivu. Ulituambia muntu wa shida hana kitu ya kutoa, maman. Sasa tumefiwa. Tuko na shida."